Tundu kati ya ventrikali baada ya shambulio la moyo: puto au ECMO tukisubiri upasuaji?

Daktari wa ICU: Wakuu, ukuta wa kati ya ventrikali (vyumba vya chini vya moyo) ukitoboka na presha ikashuka, tuanze na puto la aota (linalojaa na kunywea ndani ya ateri kuu kuusaidia moyo) au twende ECMO (mashine inayosukuma damu na kuitia oksijeni nje ya mwili) moja kwa moja? Na upasuaji usubiri hadi lini?

Mpasuaji: Anzeni na puto, mradi aota haijachanika na vali yake haivuji sana. Likinywea kabla tu ya moyo kusukuma, damu hupata njia rahisi ya kwenda mwilini, na inayopenya tunduni hupungua. Likichelewa kunywea, ventrikali inasukuma dhidi ya puto lililojaa na hali inakuwa mbaya kuliko bila puto. Kwa hiyo kagueni mawimbi kwenye skrini kila zamu. Ncha ikae sentimita 2–3 chini ya ateri ya subklavia ya kushoto. Mapigo ya mkono wa kushoto yakipotea, limepanda mno. Mkojo ukikauka, huenda limeshuka likaziba ateri za figo. Mkiona damu ndani ya mrija wa heliamu, puto limetoboka: simamisheni mashine, litolewe.

Kuhusu muda, siku za mwanzo kingo za tundu ni laini mno, kovu bado halijakomaa, uzi unakata nyama. Takwimu za chama cha wapasuaji wa kifua cha Marekani za 2012 zilionyesha vifo takriban 54% kwa waliopasuliwa ndani ya siku 7, na 18% kwa waliopasuliwa baadaye. Zisomeni kwa tahadhari: waliozidiwa hawakuweza kusubiri.

Mtaalamu wa perfusheni (mwendesha mashine za damu): ECMO iingie lakteti (dalili kwamba tishu hazipati damu ya kutosha) ikiendelea kupanda licha ya puto na dawa. Tatizo lake ni kwamba inarudisha damu kwenye aota kinyume na mkondo, mzigo wa ventrikali ya kushoto unaongezeka. Tumieni mtiririko mdogo unaotosha kushusha lakteti, na puto libaki. Tofauti ya presha ya juu na ya chini ikiwa chini ya 10 mmHg, fanyeni eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) haraka: vali ya aota isipofunguka, damu itaganda ndani ya ventrikali na mapafu yatajaa maji. Gesi za damu chukueni mkono wa kulia. Mguu wenye kanula (mrija) ya ateri uwekewe kanula ndogo ya Fr 6–8 (kipimo cha unene wa mrija) kuelekea chini, la sivyo utakufa ganzi na kuoza.

Impella (pampu ndogo inayowekwa ndani ya ventrikali ya kushoto) kwa tundu hili inahitaji uangalifu: inaweza kuvuta vipande vya nyama iliyokufa, au damu isiyo na oksijeni kutoka upande wa kulia wa moyo.

Daktari wa ICU: Na msuli wa papilari (unaoshikilia vali ya mitrali) ukikatika?

Mpasuaji: Hapo hakuna kovu la kusubiri. Puto linamshikilia tu hadi chumba cha upasuaji, siku hiyohiyo.