Naomba ushauri: ratiba ya mradi iko Microsoft Project, tiketi za watengenezaji ziko Jira, na viwili hivi havisomani

Msimamizi wa Kirumba (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninasimamia mradi katika kampuni ndogo ya programu hapa Mwanza. Tunatengeneza mfumo wa kuandikisha samaki wanaposhushwa mwaloni: sangara, sato na dagaa hupimwa, uzito huingia kwenye simu ya karani, na mvuvi huondoka na stakabadhi yake. Mteja wetu yuko Sengerema, naye hulipa kwa hatua, kila hatua ikiwa na tarehe yake katika mkataba.

Ratiba aliyoisaini mteja naitunza katika Microsoft Project, programu ya kupangia ratiba za miradi, ikiwa faili kwenye kompyuta yangu. Ina mistari 46, na mingi inategemeana. Watengenezaji wetu watano hawaigusi kamwe; wao wanaishi ndani ya Jira, mfumo wa kufuatilia kazi ambamo kila kazi ndogo huandikwa kama tiketi, na hadi leo asubuhi kulikuwa na tiketi 312. Kila Ijumaa nafungua madirisha mawili, naisoma tiketi moja baada ya nyingine, kisha nakisia asilimia ya kuandika kwenye ratiba. Kazi hiyo hunila nusu siku.

Kilichonifanya niandike hapa ni aibu ya wiki iliyopita. Mstari wa "Fomu ya kupimia mzigo" ulisomeka asilimia 90, nami nikamwambia mteja hivyo hivyo. Kumbe tangu Jumanne vijana walikuwa wamezifungua upya tiketi nne, kwa sababu simu ilikuwa inakata mawasiliano na mizani kila karani aliposogea hatua chache. Mteja aliligundua hilo mwenyewe mezani kwa mmoja wa vijana. (Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hasubiri tena kivuko, kwa hiyo anaingia ofisini bila hodi.)

Naomba kujua: je, inawezekana kusawazisha mifumo hii pande zote mbili, ili ninachobadilisha huku kionekane kule na kinyume chake? Ninunue programu ya kuiunganisha, au vijana waandike skripti, yaani programu fupi ya kuifanya kazi hiyo yenyewe?

Dagaa Mkavu

Mkuu, programu za kuunganisha Jira na Microsoft Project zipo na zinauzwa. Ila angalia kama unayoitaka inasoma faili iliyo kwenye kompyuta yako au inataka ratiba iwe mtandaoni, maana nyingi hudai hilo la pili. Angalia pia kama bei yake inahesabiwa kwa kila mtumiaji wa Jira, hata yule asiyeijua ratiba yako ikoje.

Fundi wa Igoma

Ndugu msimamizi, kabla ya kufikiria ununue au uandike, chukua karatasi uiorodheshe kila taarifa inayopatikana katika mifumo yote miwili, yaani jina la kazi, mwenye kazi, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, hali ya kazi na kiasi kilichokamilika, kisha mbele ya kila moja uandike ni mfumo upi wenye kauli ya mwisho. Tarehe za mkataba ni mali ya ratiba, na mtengenezaji hapaswi kuzisogeza. Hali ya kazi ni mali ya Jira, na wewe hupaswi kuikisia. Ukimaliza orodha hiyo utagundua kwamba karibu hakuna taarifa hata moja inayohitaji kusafiri pande zote mbili, na nusu ya ugumu uliokuwa ukiuogopa utakuwa umekwisha.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuunganisha mifumo miwili pande zote. Badiliko la mfumo wa kwanza liliandikwa katika wa pili. Wa pili ukaona kuna badiliko jipya, ukalirudisha kwa wa kwanza. Wa kwanza nao ukafanya vivyo hivyo. Asubuhi tulikuta tiketi moja ina mistari ya historia isiyohesabika, na barua pepe zimejaa kwa kila mtu. Ukilazimika kwenda pande zote, ipe skripti akaunti yake yenyewe, na uiamuru ipuuze badiliko lolote lililofanywa na akaunti hiyo.

Jambo la pili ni kipimo. Mistari 46 na tiketi 312 si vitu vya aina moja, kwa hiyo usijaribu kuoanisha tiketi na mstari moja kwa moja. Ndani ya Jira kuna ngazi ya juu ya tiketi, ile inayoitwa epiki, inayokusanya tiketi ndogo chini yake. Fanya kila mstari wa ratiba unaohusu utengenezaji uwe na epiki yake moja, na usawazishaji uishie hapo. Tiketi ndogo waachie wenyewe. Mteja hana haja ya kujua kwamba kitufe kimebadilishwa rangi.

Tatu, kiungo. Usioanishe kwa jina, kwa kuwa majina hubadilika. Wala usitegemee sana ule msimbo wa herufi na namba unaouona juu ya tiketi, kwa sababu tiketi ikihamishiwa mradi mwingine ndani ya Jira, msimbo huo nao hubadilika. Nyuma yake kuna namba ya ndani isiyobadilika. Hiyo ndiyo ya kuhifadhi katika safu ya ziada ya Microsoft Project, kwa mfano Text1.

Msimamizi wa Kirumba

Asante sana, Fundi. Nimejaribu orodha hiyo usiku huu, na kweli: taarifa zinazotakiwa kutoka Jira kuja kwangu ni mbili tu, hali ya kazi na kiasi kilichokamilika. Zinazotoka kwangu kwenda kwao ni tarehe ya mwisho peke yake.

Ila hilo la kiasi linanisumbua. Epiki ya fomu ya kupimia ina tiketi 14, na kabla zile nne hazijafunguliwa upya, 13 kati yake zilikuwa zimefungwa. Hesabu ya kawaida inatoa karibu asilimia 93, ilhali tiketi iliyobaki ilikuwa ndiyo ya mizani, yaani kazi yenyewe.

Fundi wa Igoma

Ndiyo maana usihesabu tiketi. Jumlisha makadirio ya uzito wa kazi, kama vijana wanayaandika. Kama hawayaandiki, nakushauri uachane na asilimia kabisa: 0 ikiwa haijaanza, 50 ikiwa imeanza, 100 baada ya kukaguliwa. Inaonekana ni hesabu ya kitoto, lakini haimdanganyi mteja.

Jiwe la Bismarck

Naongeza moja ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa, nalo ni saa. Saa zetu za Afrika Mashariki zimetangulia saa za dunia, UTC, kwa saa tatu. Tulikuwa na kijana anayependa kufanya kazi usiku. Alifunga tiketi saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, skripti yetu ikaisoma kwa UTC, ambako ilikuwa bado saa nne usiku ya tarehe 30 Juni, na ikaandika tarehe hiyo. Mteja wetu alikuwa ofisi inayofunga mwaka wa fedha tarehe 30 Juni, kwa hiyo kazi ya mwaka mpya ikahesabiwa katika mwaka uliokwisha. Barua za kueleza siku moja hiyo zilichukua wiki mbili. Geuza saa kuwa za hapa kwanza, ndipo ukate tarehe.

Vilevile, kama mtatumia webhuku, yaani ule ujumbe ambao Jira huusukuma papo hapo jambo linapobadilika, kumbukeni kwamba umeme ukikatika na seva yenu iko chini ya meza ofisini, ujumbe wa muda huo unaweza kupotea moja kwa moja. Kila usiku skripti ichote upya tiketi zote zilizobadilika ndani ya saa 48, iwe webhuku ilifika au haikufika.

Nyavu Tupu

Naheshimu michango yote, lakini kwa watengenezaji watano mnajenga meli ya kuvukia mto wa kupita kwa miguu. Weka kichujio Jira kinachoonyesha epiki peke yake, kitoe kama faili ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, kisha ifungue ndani ya Microsoft Project. Katika hatua za kuingiza data utaulizwa kama unataka kuiunganisha na mradi uliofunguliwa. Chagua hivyo, na safu yenye ile namba isiyobadilika uifanye ufunguo wa kuoanisha. Ni dakika kumi kila Ijumaa, bila seva na bila webhuku. Tunza nakala ya faili kabla ya kuingiza, maana safu ikioanishwa vibaya, tarehe zako zinafutika.

Dagaa Mkavu

Hapo Nyavu umenibadilisha mawazo. Asinunue kitu.

Msimamizi wa Kirumba

Nawashukuru nyote. Nimeanza na njia ya Nyavu: leo nimeingiza epiki 19 kwenye nakala ya ratiba. Mbili ziligoma kwa sababu nilinakili namba zikiwa na nafasi tupu mwishoni, zilizobaki zikakaa mahali pake. Tarehe za mwisho nitaziandika Jira kwa mkono, kwa kuwa hazibadiliki mara nyingi. Skripti itasubiri hadi tuanze awamu ya Ukerewe, ambako timu itaongezeka.

Mstari wa fomu ya kupimia mzigo sasa unasomeka 50. Mteja nimempigia simu kabla hajavuka daraja.