Naomba ushauri: tumuenzi vipi muuguzi wetu anayestaafu?

Habari zenu ndugu zangu. Niko Arua, Uganda, ni katibu wa kamati ndogo ya kijiji. Sista mmoja wa kituo chetu cha afya anastaafu, na tunataka kumshukuru tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani.

Huyu mama ndiye aliyemzalisha mke wangu usiku umeme umekatika. Alishika tochi ya simu kwa meno, mikono yote miwili ikiwa kazini. Mtoto yule sasa anasoma darasa la nne.

Tumechanga shilingi 600,000. Nilipomgusia zawadi, alikataa. Mwaka 2000, Ebola ilipoingia Gulu, alikuwa muuguzi kijana huko, na alizika wenzake. Dkt. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor hukohuko Gulu, aliyefariki kwa Ebola tarehe 5 Desemba mwaka ule, anakumbukwa na wengi, na anastahili. Lakini sista anasema wauguzi waliokufa naye hawatajwi, basi tuwakumbuke hao kwanza. Nilikosa la kumjibu. Tumemwomba mchungaji aongee naye, bado hajalegea.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Je, ni sawa kusoma majina ya marehemu hadharani kabla ya kuzipata familia zao, au tuwashe mishumaa tu tunyamaze? Na ile michango, tumkabidhi mwenyewe kwa bahasha, au tuinunulie wodi ya wazazi taa ya sola kwa jina lake?

Waliowahi kuandaa shughuli kama hii, tafadhali nielekezeni. Zimebaki wiki tatu.