Mashine pepe inaganda kila asubuhi, RAM ya mgeni inapelekwa swapu: nifanye nini?

mwana_kadutu (Bukavu)
Ndugu zangu, naomba msaada. Natunza seva ya famasi moja hapa Bukavu: RAM GB 16, diski ngumu ya kawaida, Linux na KVM (sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe). Kuna mashine pepe tatu (kompyuta za programu ndani ya seva: hizo ndizo wageni, seva yenyewe ni mwenyeji), kila moja nimeipa GB 6: ya stoku, ya hesabu, ya mafaili. Mchana zinakwenda vizuri. Asubuhi mama wa kaunta akifungua programu ya stoku anangoja hata dakika mbili, na wagonjwa wamesimama mbele yake. Hilo linaniuma sana.

Ndani ya mashine ya stoku, `free` (amri ya kuonyesha RAM) inaonyesha nafasi tele, swapu (sehemu ya diski inayotumika kama RAM) 0. Kwa mwenyeji, swapu imeliwa GB 5. Nimwamini nani?

katuba_linux (Lubumbashi)
Zima swapu ya mwenyeji, `swapoff -a`, basi. Mimi nilifanya hivyo.

yaya_himbi (Goma)
Mdogo wangu, usiizime. Umegawa GB 18 juu ya GB 16. Siku zote tatu zikidai chake bila swapu, kerneli (kiini cha Linux) itatafuta prosesi ya kuua, na kwa kawaida inamwangukia mla RAM nyingi, yaani QEMU, programu inayobeba kila mashine pepe. Utapoteza mashine nzima saa ya kazi.

Mgeni na mwenyeji, wote wawili wanakuambia kweli. Machoni pa kerneli ya mwenyeji, mashine pepe ni prosesi kama nyingine, na RAM ya mgeni ni kumbukumbu ya prosesi hiyo. Tangu MMU notifier (njia ya kerneli kutoa taarifa kumbukumbu ikibadilishwa) ilipoingia Linux 2.6.27, mwaka 2008, kerneli inamjulisha KVM kwanza, KVM anafuta ukurasa (kipande kidogo cha RAM) kwenye jedwali la kumbukumbu la mgeni, ndipo unaandikwa diskini. Mgeni haambiwi kitu. Akiugusa, prosesa inamtoka na kurudi kwa mwenyeji, ukurasa unasomwa, naye anaendelea bila kujua alisimamishwa. Kurasa maelfu kwa diski inayozunguka, ndizo dakika zako mbili.

Kopi ya akiba unafanya saa ngapi? Tena utupe `VmSwap` ya kila QEMU, iko `/proc/PID/status`.

mwana_kadutu
Saa nane usiku, mafaili yote. Stoku: GB 3.1 iko swapu!

yaya_himbi
Ndiyo hiyo. Usiku stoku imelala, kopi inasoma mafaili, kashe (RAM inayoshika mafaili yaliyosomwa) inavimba, na kerneli inatoa kurasa za aliyelala kwenda swapu. Punguza mgao: stoku 4, hesabu 4, mafaili 2. Kisha shusha `vm.swappiness` (kipimo cha kerneli kupenda swapu) kutoka 60 hadi 10, ili kashe itolewe kabla ya wageni.

katuba_linux
Nakubali, yaya. Yangu ina RAM ya kutosha, sikufikiria hesabu yake. Na swapu ya ndani ya mgeni je?

yaya_himbi
Iwe ndogo. Mgeni akibanwa atachagua ukurasa uliolala, na huenda mwenyeji ameshautoa. Basi mwenyeji anausoma diskini ili mgeni auandike tena diskini: kazi mara mbili. Virtio-balloon (kifaa pepe cha mgeni kumrudishia mwenyeji RAM) inasaidia hapo, kwa sababu mgeni mwenyewe anachagua cha kurudisha.

mwana_kadutu
Siku ya tatu leo. VmSwap ya stoku ni MB 40, programu imefunguka mara moja. Aksanti sana, yaya. Balloon nitaijaribu Jumapili, famasi ikiwa imefungwa.

yaya_himbi
Sawa. Asubuhi uangalie `vmstat 1`, safu ya `si` (kinachosomwa kutoka swapu). Ikikaa sifuri saa ya kufungua, umepona.