Zoologist au Tauer: nianze na yupi?

Asumini_Kavu: Wadau, nimechoshwa na marashi yanayonukia peremende. Nasikia sifa za watengenezaji wawili wadogo, Zoologist wa Kanada na Tauer wa Uswisi. Uwezo wangu ni chupa moja tu. Nishaurini.

Mzee_wa_Ambari: Tofauti yao inaanzia kwa wenyewe. Andy Tauer wa Zurich ni mkemia kwa masomo, utunzi wa marashi akajifundisha mwenyewe. Victor Wong alikuwa mbunifu wa michezo ya video kabla ya kuanzisha Zoologist mjini Toronto mwaka 2013, na yeye hachanganyi kitu. Anachagua mnyama, anaeleza anavyomwona, kisha anamkabidhi kazi mtunzi wa kujitegemea. Kwa Tauer unanunua mkono wa mtu mmoja, ukizoea utautambua hata macho umefumba. Kwa Wong unanunua wazo, na mkono hubadilika.

Bint_Mwerezi: Na kubadilika huko kuna raha na maumivu yake. Bat (yaani popo), marashi ya Zoologist ya 2015, aliitunga Ellen Covey, mwanasayansi aliyechunguza jinsi popo wanavyosikia. Ilinukia ndizi zilizoiva mno, udongo mbichi na unyevu wa pango! Ikapata tuzo ya marashi ya Art and Olfaction mwaka 2016. Baadaye Zoologist wakatoa Bat nyingine, ya Prin Lomros, harufu mbali kabisa. Ile ya kwanza Covey akaiendeleza kwenye kampuni yake, Olympic Orchids, kwa jina Night Flyer. Mimi niliipenda ile ya pango, na bado naona jina lingebaki nayo.

Kipepeo09: Samahani, hizo za wanyama zina zabadi ya kweli, ile inayotoka kwa fungo?

Mzee_wa_Ambari: Hapana, Zoologist hawatumii zabadi ya mnyama. Hata Civet yao, yenye jina la fungo mwenyewe, zabadi yake ni ya maabara.

Asumini_Kavu: Sasa kwa chupa moja?

Bint_Mwerezi: Tauer, dada. L'Air du Désert Marocain, ya mwaka 2005. Giligilani na bizari nyembamba zinatangulia, kali kidogo, halafu mwerezi na ambari zinatulia juu ya ngozi kama joto la mchanga jua likishazama. Zoologist anza na vichupa vya majaribio, kwa sababu kupenda mnyama mmoja hakukuhakikishii wa pili.

Mzee_wa_Ambari: Naunga mkono. Ila puliza mara moja tu, na usiihukumu kabla ya nusu saa. Nguoni inalala hadi kesho yake.