Tupeane uzoefu: kahawa ya nyumbani Mbeya na nyanda za juu kusini, umeinywea wapi ukaridhika?

Wakuu, habari za majukumu.

Nafungua uzi huu kwa sababu kuna jambo linaniuma. Mbeya tumezungukwa na kahawa. Ukivuka Mbalizi tu unaanza kuona mibuni, ukiingia Mbozi ndiyo usiseme: Mlowo, Vwawa, Igamba, Iyula, kote kahawa. Rungwe ipo chini ya migomba, Ileje ipo, na ukizunguka upande wa Ruvuma unakuta Mbinga watu wamejenga na kusomesha kwa zao hilohilo. Ni arabika ya milimani, ile inayojazwa kwenye magunia ikavuka bahari. Halafu kaa kwenye mgahawa wa kawaida hapa mjini uagize kahawa. Unaletewa chupa ya maji ya moto, sukari na kikopo cha unga wa kuyeyusha uliotengenezwa Bukoba. Sina neno na Bukoba, kiwanda chao ni cha miaka mingi na kimetulea wengi. Ila mtu wa Mbeya kuishi na kikopo wakati kahawa ya jirani yake inapita barabarani kwenye malori, hilo sijawahi kulikubali.

Kwa hiyo tuambizane: wapi umekunywa kahawa ya huku huku ikakukaa moyoni? Iwe kijiweni, mgahawani, shambani au jikoni kwa bibi. Sema inatengenezwaje na kwa nini ungerudi.

Naanza mimi. Kahawa yangu ya kila siku ni ya kijiweni, Soweto ya hapa Mbeya. Mzee wetu pale anawasha jiko lake la mkaa kabla makonda wa Uyole hawajaanza kuita abiria. Birika lenye mdomo mrefu juu ya jiko, ndoo ya maji ya kusuuzia vikombe pembeni, kashata za karanga kwenye kopo lenye mfuniko. Juni na Julai baridi yetu mnaijua, watu wanakikumbatia kikombe kwa viganja viwili hata kabla ya kupiga funda la kwanza. Hapo utapata habari zote: bei ya mchele wa Kyela, foleni ya malori Tunduma, mpira wa Mbeya City na Prisons. Ninachompendea mzee huyu, anakaanga buni mwenyewe na haiunguzi. Vijiwe vingi kahawa imekaangwa ikawa mkaa, unakunywa moshi. Yake ni chungu kama inavyotakiwa kuwa, lakini ukishameza kuna utamu unabaki nyuma ya ulimi.

Pa pili ni mgahawa mdogo maeneo ya Forest. Jina naliacha uzi usigeuke tangazo. Kijana wa pale anasaga punje ukishaagiza, si kabla, na mfuko umeandikwa kijiji ilikotoka na tarehe iliyokaangwa. Mimi nikiingia sehemu mpya swali langu la kwanza ni hilo la tarehe. Anayeijua, nakaa. Anayeshangaa swali, naagiza chai.

Karibuni.

Binti wa Mbozi

Umenigusa, kaka. Mimi nimekulia Iyula, na nataka watu wa mjini wajue kitu kimoja kuhusu sisi wakulima: kahawa nzuri tulikuwa hatuinywi.

Mnachuma mbivu tupu, nyekundu. Mkifika nyumbani mnazimwaga kwenye maji. Nzito zinazama, nyepesi zinaelea. Zilizozama zinamenywa siku hiyohiyo, zinachachushwa usiku mmoja au miwili, baridi ikizidi hata mitatu, halafu zinaoshwa mpaka ule utelezi uishe kabisa. Ukishika punje mkononi lazima zikwaruze kama kokoto. Kisha chanjani, siku 10 hadi 14, mnazigeuza, jua likiwa kali sana mnazifunika, usiku mnazifunika, mvua ikinyesha kila mtu anakimbia. Hizo zote zinakwenda AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Zile zilizoelea, na zile zilizoliwa na wadudu, ndizo bibi alikuwa anazianika pembeni, anazikoboa kwenye kinu na kuzikaanga kwenye chungu. Ndiyo kahawa tuliyoijua. Ukiniambia utotoni kwamba wazungu wanalipa pesa nyingi kwa kinywaji hiki nisingekuelewa.

Baadaye baba aliamua kila msimu tubakize kiasi kidogo cha zilizozama kwa ajili ya nyumbani. Bibi akakaanga vilevile, chungu kilekile, mwiko uleule. Harufu ilipotoka jikoni jirani alikuja kuuliza tunapika nini. Alipoonja bibi akanyamaza kidogo, akauliza, "Hii ndiyo tunayowapelekea?" Tangu hapo hakuna msimu tunaouza yote.

Kwa hiyo mimi mgahawa wangu bora ni jikoni kwetu. Samahani kama nimekwenda nje ya mada.

Mwanzisha uzi

Dada, hiyo ndiyo mada yenyewe. Shukrani, na shikamoo zetu zimfikie bibi.

Mdau wa Mafiati

Mkuu nakubaliana na wewe ila tuzungumzie bei. Kijiweni nakunywa kwa shilingi mia, mia mbili. Kwenye migahawa yenu ya mashine kikombe kimoja ni hela ya sahani ya wali maharage na chenji inabaki. Mkulima hapati hiyo, mimi sina hiyo. Hapo utamaduni wa kahawa utajengwa na nani?

Barista, Mbeya mjini

Kaka wa Mafiati hoja yako ni ya haki, ngoja niijibu kwa upande wa kazi yangu ya kutengeneza kahawa mgahawani. Kupata kilo moja ya buni safi iliyokobolewa zinahitajika kama kilo sita za mbivu, na kila tunda limechumwa kwa mkono. Ukikaanga, uzito unapungua tena kwa karibu asilimia 15 hadi 20, maji yanatoka. Kwa hiyo kilo ninayosaga mimi ilianza kama kilo saba hivi shambani. Kikombe cha mashine kinakula gramu 18. Piga hesabu, unapata vikombe hamsini na kidogo, hapo bado umeme, maziwa, kodi ya pango na mashine yenyewe inayotoka nje. Sisemi bei zote ni za haki. Wapo wanaouza kapuchino ghali kwa buni iliyokaa rafuni mwaka mzima, hao siwatetei.

Ila nikwambie, huhitaji mashine. Hapa Mbeya tuna bahati ambayo watu hawaijui. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda maji yanachemka kwenye joto la chini zaidi. Pwani ni nyuzi 100, kwetu ni kama 94. Na kahawa ya kuchuja inataka maji ya nyuzi 90 hadi 96. Wenzetu wa Dar wanachemsha halafu wanasubiri yapoe kidogo. Wewe wa Mbeya yakichemka tu mimina. Nunua robo kilo iliyokaangwa karibuni, saga kila asubuhi kiasi cha siku hiyo, kichujio cha kitambaa safi kinatosha. Vijiko viwili vilivyojaa kwa kikombe kikubwa. Ukikokotoa, gharama yake ni ndogo kuliko ya kikombe cha mgahawani.

Kuhusu wapi kwingine pa kwenda: wengi wanaokuja kwangu wanauliza Utengule. Ni kweli nendeni, angalau mara moja. Ile hoteli ya Utengule upande wa Mbalizi, chini ya safu ya milima, iko ndani ya shamba la kahawa lenyewe. Unakunywa huku unaiangalia mibuni iliyozaa unachokunywa.

Mwalimu, Mbalizi

Nathibitisha kuhusu Utengule. Niliwapeleka wageni wangu kutoka Dar, nao walikuwa wanaamini kahawa ya Tanzania ni Kilimanjaro tu. Tulitembezwa shambani, tukaona buni ikiwa tunda, ikiwa na ganda lake la ndani, ikiwa ya kijani, mpaka ikikaangwa. Mmoja wao alikuwa hajui kabisa kwamba kahawa ni tunda tamu ukilimung'unya. Akawa anachuma na kula.

Ushauri wangu, kwa anayetaka kuona kazi ya uvunaji aende kati ya Juni na Septemba. Anayetaka maua asubiri mvua za kwanza, Oktoba au Novemba. Mibuni inachanua yote kwa pamoja, shamba linakuwa jeupe, harufu yake inakaribia asumini, na baada ya siku mbili tatu imekwisha. Ukikosa wiki hiyo umekosa mwaka.

Mdau wa Iringa

Kamwene! Watu wa Mbeya msijimilikishe nyanda za juu peke yenu.

Iringa pa kwenda ni mgahawa wa Neema Crafts. Kituo kilianzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, kwa ajili ya kuwapa kazi watu wenye ulemavu, na wanaohudumia mgahawani ni viziwi. Unaandika oda yako kwenye karatasi, au unajaribu ishara ulizoonyeshwa. Mara ya kwanza nilikwenda na mama yangu mzazi, mtu wa Kilolo, hajawahi kukaa mgahawani kunywa kahawa. Alianza kuongea kwa sauti kubwa kama tunavyofanya wengi tukidhani kiziwi atasikia. Dada aliyetuhudumia akatabasamu, akamwonyesha kwa mkono taratibu namna ya kusema asante. Mama akarudia, akakosea, akarudia tena mpaka ikakubali. Njia nzima kurudi nyumbani alikuwa anaifanyia mazoezi ile ishara.

Kahawa yao ni nzuri na keki nazo. Lakini ukweli mimi narudi kwa ajili ya utulivu wa pale. Watu wanaangaliana usoni.

Muuza kahawa, Mwanjelwa

Nimetumiwa huu uzi na mteja. Mimi natembeza kahawa Mwanjelwa mpaka Kabwe, nimeona niwaeleze wanaosema kahawa ya kijiweni ni moshi.

Wengine tunaunguza kwa sababu buni tunayopata ni mchanganyiko, kubwa na ndogo, kavu na mbichi kidogo. Ukiikaanga, ndogo zinaungua wakati kubwa bado. Ukitaka isiungue uichambue kwanza. Mimi naichambua usiku na mke wangu, kazi ya saa nzima au zaidi. Halafu moto uwe wa makaa yaliyotulia, si ya mwali, na mkono usisimame. Itapasuka kwa sauti, pa, pa, pa. Zikishatulia zile sauti nahesabu kidogo naitoa, naipepeta kwenye ungo ipoe haraka, maana ikibaki kwenye chuma inaendelea kuiva yenyewe.

Kuchemsha: maji na tangawizi iliyopondwa kwanza, yakichemka vizuri ndipo unga unaingia. Ikipanda povu nashusha, narudisha, nashusha, narudisha. Kisha naacha itulie, machicha yakae chini. Sukari siweki, mwenye kutaka utamu kuna kashata. Anayetaka iliki aseme mapema.

Wateja wangu wakubwa ni wenye maduka na madereva. Wakati wa baridi birika halifiki saa tatu. Kwa hiyo huyo ndugu wa Mafiati asiwe na wasiwasi, utamaduni upo, tunautembeza kila siku.

Mdau wa Mafiati

Kiongozi nimekuelewa. Kesho nakutafuta Kabwe.

Mmatengo

Mbinga mmetutaja kwa kupita tu! Sisi kahawa iko mlangoni, mibuni inaanzia nyuma ya jiko, ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mahindi na maharage, ziko mlimani. Msimu wa mauzo mji unachangamka, bodaboda mpya kila kona. Ila kunywa, sawa na wenzetu wa Mbozi, tulikuwa tunauza yote. Siku hizi naona vijana wanakaanga na kufungasha wenyewe, robo kilo, nusu kilo, wanauza stendi na kwenye mabasi ya Songea. Mwaka huu nimewapelekea ndugu Dar kahawa badala ya maharage, wakalalamika. Baada ya wiki wakapiga simu wakitaka nyingine.

Mdau wa Njombe

Huku kwetu baridi ni kali kuliko kwenu wote na bado chai ndiyo inatawala. Napita Mbeya mara nyingi kikazi. Nikitaka kubeba kahawa ya kunywa nyumbani, ya uhakika, nikainunue wapi na niangalie nini?

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Njombe, nunua punje, usinunue unga, kwa sababu ikisagwa harufu inatoroka ndani ya siku chache. Uliza tarehe ya kukaangwa, isizidi mwezi au mwezi na nusu. Angalia punje zilingane rangi. Zikiwa nyeusi zinang'aa mafuta, hiyo imepitiliza. Nyumbani iweke kwenye kopo linalofunga vizuri, mbali na jiko, na friji usitumie. Kama safari yako itaangukia wiki ya Nane Nane, pita viwanja vya John Mwakangale, wakulima na wakaangaji wadogo wanakuja na mifuko yao. Unaonja kabla ya kununua, na unaongea na aliyelima.

Binti wa Mbozi, kama nyumbani mna ziada ya zile zilizozama, mimi na barista wetu tuko tayari kununua. Watu wa Tukuyu, Ileje na Tunduma bado sijawasikia. Leteni.