Fundi wa alaimenti kaniambia "UTAZOEA". Leo sinyamazi

Gari Chini Roho Juu

Wakuu, naandika nikiwa kwenye maegesho, injini bado ya moto, mikono inatetemeka na sijala tangu asubuhi. Herufi zikikosewa nisameheni.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa alaimenti, wa kunyoosha tairi za gari zikae sawa, mwenye mashine nyekundu na kile kigoda cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. Nusu yenu humu mmeshapita mikononi mwake na nusu iliyobaki mnakwenda wikendi hii. Jina silitaji tusije tukapelekana kituoni, ila mnamjua.

Leo ameniambia NITAZOEA.

Ngoja nianze mwanzo. Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2004. Juzi nimefunga koilova, zile springi za kushushia gari, nimeshusha sentimita 4 tu. Siyo zile za kusalimiana na kila tuta, ni sentimita 4 za mtu mwenye adabu zake. Na kila anayependa gari yake anajua ukishaishusha, vichwa vya tairi vinainamia ndani, ndiyo kemba hiyo, tou inahama, lazima uirudishe kwenye mashine. Nimekaa siku mbili nasoma. Nikaandika namba zangu kwenye karatasi kwa mwandiko wa kuombea kazi: mbele kemba digrii −1.5 kila upande, tou sifuri. Nyuma kemba ikae inapotaka kukaa, maana kiwandani hawakuiwekea pa kurekebishia, ila kushoto na kulia zisipishane sana, na tou iingie ndani digrii 0.1 kila upande. Basi. Mistari minne. Mke wangu akinituma sokoni ananiandikia mingi kuliko hiyo.

Fundi akaipokea karatasi. Akaisoma. Akaigeuza nyuma, nyuma kuna namba za LUKU, akazisoma nazo. Kisha akaikunja mara nne, akainama, akaichomeka chini ya ule mguu mbovu wa kigoda. Kigoda kikaacha kuyumba.

Nawaambieni ukweli, alaimenti pekee iliyofanyika sawasawa pale leo ni ya kile kigoda.

Dakika kumi na tano, "tayari bosi". Upepo hakupima. Bushi hakutikisa. Kaanza tou, kamaliza tou, NDIPO karudi kulegeza bolti za kemba, yaani mtu kadeki nyumba halafu ndio anafagia. Nyuma hakugusa kabisa, vipimo vya nyuma vinaning'inia ukutani na buibui kashajenga ghorofa. Karatasi iliyotoka kwenye printa imeandikwa juu kabisa: Corolla. Namba zote kijani. Kuna Corolla ya mtu mahali fulani duniani iko sawa kabisa, nampa hongera.

Naingia barabarani, usukani umepinda. Na siyo kupinda kwa kutafutia. Zile nyota sita za kwenye nembo, Kilimia chetu, zinaangalia dirisha la abiria. Ili gari iende mbele inabidi nishike usukani kama nakata kushoto. Mwenye bodaboda pembeni yangu kanipisha mara tatu. Gari inatembea kama kaa wa Kunduchi.

Nikageuza nikarudi. Kiti cha abiria yupo shemeji, mdogo wake mke wangu, nilimbeba makusudi aone dada yake kaolewa na mtu anayejua mambo. Nikashuka kwa heshima zote, nikasema, "Fundi, samahani, usukani umekaa upande."

Hakusimama. Alikuwa anamenya karanga. Akamenya moja, akapuliza maganda, akaitupia mdomoni, akatafuna mpaka mwisho, akameza, ndipo akaniangalia.

"Utazoea, bosi."

UTAZOEA! Mtu anazoea joto la Dar. Anazoea foleni. Anazoea hata mama mkwe. Usukani? Nizoee kwenda kazini kwa ubavu?

Shemeji kacheka. Muuza maji kacheka. Kuna mteja alikuwa kalala chini ya Noah yake, simuoni sura, naona miguu tu inatikisika kwa kicheko. Na elfu 40 yangu ilishaingia mfukoni, siku hizi neno moja ni elfu 40.

Nishaurini. Ila nionewe huruma kwanza, ushauri ufuate.

Mama Vitz

Pole sana kaka. Utazoea.

Konda wa Chai Maharage

Weka picha ya usukani. Uzi bila picha ni stori za kijiweni.

Gari Chini Roho Juu

Nikishika simu na mkono mmoja gari inakwenda Kisarawe yenyewe. Subirini nifike nyumbani.

Mzee wa Diseli

Kijana kanunua gari lililo zima, kalipunguza urefu kwa hela yake, halafu analia limekosa urefu. Mkonga wangu, Land Cruiser ya 1994, haujawahi kuona hiyo mashine nyekundu, haujui kemba ni mnyama gani, na kila Desemba unafika Songea na mahindi unarudi nayo. Endelea kusoma namba.

Gari Chini Roho Juu

Mzee shikamoo. Ule mkonga wako ukipiga breki unatuma barua kwanza.

Mzee wa Diseli

Marahaba. Na inafika.

Bushi Mbovu

Huyo huyo! Mwaka juzi nilimpelekea Altezza inavuta kulia, akaniambia "barabara ndiyo imeinama". Nikamwambia fundi, inavuta hata nikiwa kwenye uwanja wa mpira. Akasema uwanja nao umeinama.

Dr. Spana

Mtoa mada, nikujibu kwa uzito kidogo, wengine wakiendelea na vicheko vyao.

Namba zako hazina kosa. −1.5 mbele kwa gari ya mtaani iliyoshushwa kiasi ni nzuri tu, inashika kona na tairi haifi haraka. Ungeniambia −3 ningekuuliza unakwenda kushindana na nani. Ila usukani kupinda hakuletwi na kemba yenyewe. Sababu kubwa ni mbili. Ama alifunga tairodi, vile vyuma vinavyogeuza tairi za mbele, bila kuufunga usukani ukiwa katikati, ama tou ya nyuma kushoto na kulia hazilingani, kwa hiyo nyuma inasukuma gari upande mmoja na wewe mbele unarudisha kwa mkono. Huyo kaa wako wa Kunduchi ndiye huyo. Na kwa vile nyuma hakupima, hata yeye hajui ni ipi.

Kingine, kemba inasingiziwa sana mjini hapa. Tairi ikilika ndani kila mtu anasema kemba. Mwizi mkubwa ni tou. Piga hesabu: tairi iliyopishana na njia yake kwa nusu digrii inaburutwa pembeni karibu mita 9 kwa kila kilomita 1 unayotembea. Sasa toka Mbezi mpaka Posta kila siku, uone kama mwezi unaisha na nyuzi hazijatoka. Pitisha kiganja juu ya tairi kwenda ndani, halafu kirudishe. Kama upande mmoja ni laini na ukirudi unakukwaruza kama msumeno, hiyo ni tou.

Na wewe pia una kosa. Umefunga koilova juzi, umepima leo. Springi hazijakaa, na kama bolti za bushi zilikazwa gari ikiwa juu ya jeki, bushi zimejipinda zenyewe. Iteremshe chini, zilegeze, zikaze ikiwa imesimama kwa miguu yake. Endesha siku kadhaa. Kisha tafuta mashine inayopima tairi zote nne, hakikisha wamechagua gari yako na siyo ya jirani, upepo upimwe, kemba kwanza, tou mwisho, maana ukigusa kemba tou inahama. Kwenye rimu ya 17, hiyo 0.1 yako ni chini ya milimita 1. Anayekuambia anaiona kwa jicho muulize na mwezi umeandama lini.

Gari Chini Roho Juu

Asante daktari, nimenakili yote. Lakini naona kwenye UTAZOEA umepita kimya.

Dr. Spana

Hapo sina dawa.

Konda wa Chai Maharage

Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Chako kimezama kwa fundi.

Binti Mwenye Swali

Samahanini, tou ni kitu gani? Nimesoma mpaka hapa nikidhani ni ugonjwa wa tairi.

Bushi Mbovu

Dada, simama uangalie vidole vyako vya miguu. Vikiangaliana, tou imeingia ndani. Vikiangalia kila kimoja na njia yake, imetoka nje. Na kemba ni matege, basi umemaliza shule.

Binti Mwenye Swali

Nimeangalia. Vya kwangu vimetoka nje. Nipelekeni kwa fundi yupi?

Konda wa Chai Maharage

Kwa yule yule. Utazoea.

Gari Chini Roho Juu

Nimefika nyumbani. Shemeji alishuka pale pale kwa fundi, kafika kabla yangu, sijui kapanda nini, pengine hicho kinakwenda mbele. Nimefungua mlango, mke wangu ananiandalia chakula. Nikasema chumvi imezidi. Akaniangalia. Mnajua alichosema.

Mama Vitz

😂😂😂 Nampenda huyo dada bila kumjua.

Bushi Mbovu

Mafundi wa alaimenti nafuu. Mimi fundi wa AC alinijazia gesi Jumatatu, Jumatano ikawa joto tupu. Nimerudi ananiuliza, "Kwani uliwasha?" Niliwasha! Nilinunulia nini, kuangalia?

Mzee wa Diseli

Mkonga una madirisha.

Mama Vitz

Nyote mnalilia vyuma. Subirini niwape ya nguo, mtaacha kulia. Nimempelekea fundi cherehani kitenge cha sare ya harusi, wiki SITA kabla. Kila nikienda, "njoo kesho mama". Siku ya harusi saa nne asubuhi naletewa gauni, zipu inafika kiunoni inagoma. Nikamwambia fundi, hii haipandi. Akanizunguka, akanitazama kama anapima shamba, akasema, "Vuta tumbo, likishaingia usipumue sana." Harusi ya kuanzia saa nane mpaka usiku wa manane! Nimekula wali kwa kijiko cha chai.

Binti Mwenye Swali

Wa kwangu alibakiza kipande cha kitenge changu, Jumapili nikakiona kanisani kwenye kofia ya mtoto wake.

Konda wa Chai Maharage

Hao mafundi cherehani wanafundishwa chuo kimoja? Mimi suti ilikuja mkono mmoja mrefu. Kaniambia niwe naweka mkono mfukoni.

Dr. Spana

Hiyo ni tofauti ya kushoto na kulia. Ungepima kabla hujatoka.

Bushi Mbovu

Jamani na wanaobadilisha vioo vya simu je? Unampa simu ina ufa mmoja...

Gari Chini Roho Juu

Wakuu turudini kwenye mada. Kesho niende kwake nidai elfu 40 yangu au niache? Na ile karatasi yangu bado iko chini ya kigoda.

Mama Vitz

Zipu yenyewe ilikuwa ya suruali ya mwanamume, jamani, ya SURUALI. Nimekwenda kuigundua nyumbani.

Binti Mwenye Swali

Dada yangu! Picha tafadhali.

Mzee wa Diseli

Marehemu mke wangu alikuwa anashona mwenyewe, cherehani ya miguu. Haikuwahi kugoma.

Gari Chini Roho Juu

Nimeuliza kuhusu elfu 40.

Konda wa Chai Maharage

Mama Vitz, huyo fundi yuko pande zipi nimkwepe? Mwezi ujao nina sendofu.

Mama Vitz

Njoo inboksi, siwezi kumtaja hapa. Lakini mnamjua.

Mgeni Wenu Leo

Habarini wana jukwaa. Sijasoma uzi wote ila nimeona mnaongelea tairi. Nauza seti ya tairi nne 215/45 R17 pamoja na rimu zake, zimetoka kwenye Impreza. Nje ziko safi kabisa kama mpya, zimelika upande wa ndani tu, kidogo.

Gari Chini Roho Juu

Mwisho bei gani?