Salim na warushaji wa mashoto

Mama Salim (Seattle): Assalamu alaikum jamaa. Salim katoka mechi ya besiboli hasemi na mtu. Kocha kamtoa tena. Kila timu pinzani ikiingiza mrushaji wa mashoto, mwanangu anaitwa benchi.

Bibi (Tanga): Waalaikum salaam. Kakosa nini mjukuu wangu?

Mama Salim: Hana kosa, mama. Eti kwa kuwa naye anapiga kwa kushoto.

Mjomba Hamisi: Shikamoo mama. Iko hivi: mashoto akimrushia mashoto mwenzake, mpira unatokea kama upande wa mgongoni. Unauona unakuja begani, ukikaribia unakata, unakimbilia nje gongo lisikofika. Mrushaji wa kulia, mpira wake anauona mapema.

Mama Salim: Kwa hiyo kocha ana haki?

Mjomba Hamisi: Kwa wapigaji wengi, ndiyo. Lakini wapo walio kinyume, na mmoja alicheza mji huuhuu: Ichiro Suzuki, alijiunga na timu ya Mariners 2001. Alikuwa anarusha kwa kulia, anapiga kwa kushoto. Ukijumlisha miaka yake yote Marekani, warushaji wa mashoto aliwapiga hiti (kuupiga mpira na kufika kituo salama) kama 33 kwa kila mara 100, wa kulia kama 30. Mwaka 2004 alipata hiti 262, akaivunja rekodi ya msimu mmoja ya mchezaji George Sisler, hiti 257, iliyokaa tangu 1920!

Salim: Shikamoo bibi. Shikamoo mjomba. Alifanyaje?

Bibi (Tanga): Marahaba baba.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Mtazame bega la kulia. Wengi wakiuona mpira wa mgongoni wanashtuka, bega linafunguka mapema, gongo linapita hewani. Yeye bega alilifunga, akaungoja mpira ufike, akausukuma upande wa kushoto wa uwanja.

Mwanaidi: Kaka, si umpelekee kocha hizo takwimu!

Mjomba Hamisi: Taratibu. Salim, msimu huu umesimama mbele ya mashoto mara ngapi?

Salim: 9. Nimepata hiti 4.

Mjomba Hamisi: Vizuri sana, ila mara 9 hazisemi kitu. Hata kwa wakubwa, msimu mmoja hudanganya, maana warushaji wa mashoto ni wachache. Mtu anawatwanga mwaka huu, mwakani wanamfunga. Ichiro tunamwamini kwa sababu ni miaka na miaka. Na hapo ndipo panaponiuma. Mtoto wa miaka 13 akitolewa kila mashoto akiingia, macho yake yatauzoea wapi ule mpira?

Mama Salim: Umesema neno. Nikamwambieje kocha?

Mjomba Hamisi: Usimwambie Salim ni bora kuliko wenzake. Mwombe amwache apige japo mara moja kila mechi mbele ya mashoto. Mengine niachie mimi, mkono wangu si unaujua.

Bibi (Tanga): Namjua Hamisi. Maembe ya uani yote aliyaangusha kwa mawe, kwa mkono huohuo wa kushoto. Nilimkataza kulia chakula tu, kurusha sikumkataza.

Mjomba Hamisi: Asante mama. Salim, Jumamosi saa 3 asubuhi, uwanja wa nyuma ya maktaba. Njoo na kofia ya kichwani, ile ngumu.

Salim: Saa 2 na nusu nitakuwa pale. Anza na ule wa mgongoni, mjomba.